Aina ya Mzigo

Nilipiga simu siku mbili kabla, kama walivyoagiza.
Nikasema: abiria ni Mbeleje Chilongani, fundi cherehani,
mkazi wa Area C, anasafiri na kiti cha magurudumu,
cha kukunja, hakina betri, kilo kumi na saba.
Sauti ikajibu, "Sawa mama, tumeandika."
Sijui waliandika wapi.

Alfajiri, upepo wa Dodoma ulishaamka kabla yetu.
Kijana wa bajaji akatushusha mlangoni, akauliza:
"Kuna ndege ya watu kama ninyi?"
Nikamwambia ipo moja tu, tunapanda wote.

Mezani, mzani ukatoa ushahidi.
Haki yangu kilo ishirini na tatu;
begi likasema ishirini na sita na nusu.
Nikalifungua mbele ya kadamnasi:
mlenda mkavu wa Bahi, karanga za Kibaigwa,
zabibu ndani ya gazeti (mfuko wa plastiki hawautaki),
khanga doti tatu za mzazi anayenisubiri Mwanza.
Karanga ndizo zilizoponzwa.
Foleni nzima ikatafuna, hata aliyekuwa amenuna kwa kucheleweshwa,
na mzani ukanyamaza.

Kisha mkasi.
Ulikuwa kwenye mkoba wa mkononi, kosa langu,
nanyi msilirudie: chenye ncha kiende chini,
kwenye tumbo la ndege. Dawa zibaki nawe, na cheti cha daktari.
Mkasi ule umekata sare za shule miaka ishirini na miwili.
Binti wa ukaguzi, Nyemo kwa kibandiko cha kifuani,
aliupokea kama mtoto wa mwenzie,
akakimbia nao hadi kwenye begi.
Nikaona upindo wa suruali yake umefumuka.
Sikusema kitu.

Akaja bwana mwenye redio ya upepo,
akamtazama mpwa wangu Yeriko, darasa la tano, akauliza:
"Anaweza kutembea?"
Yeriko akanigeukia: "Shangazi, unaweza kutembea?"
"Mwambie bwana, mwenye tiketi ana masikio."

Kiti wakakivisha lebo.
Hivyo ndivyo miguu yangu ilivyopata namba,
ikatangulia juu ya toroli, haikugeuka nyuma.

Ngazi zilikuwa kumi na mbili. Nilizihesabu nikiwa chini,
kama mtu anavyohesabu deni.
Lifti ya kutuinua ipo, walisema, ila ufunguo
anao Masagasi, na Masagasi yuko likizo Kondoa.
Basi nikawa mwalimu:
wewe pita nyuma, pitisha mikono kwapani, nikumbatie kifuani;
wewe shika chini ya magoti, si kwenye vifundo.
Asiinue mtu kabla sijasema ndiyo.
Pole zenu wekeni mfukoni, nipeni mwendo mmoja.
Ngazi ya saba wakapumzika. Nami nikapumzika,
nikiwa hewani, naitazama Dodoma kwa mara ya kwanza
kutoka kwenye kimo cha watu wazima.

Juu, mji ukawa kitambaa kwenye meza ya kukatia:
mashamba ya zabibu yamepigwa rula,
barabara ya Singida uzi uliosahauliwa sindano.
Kwa saa nzima hakuna aliyejua
nani kati yetu anatembea.
Wote tumekaa. Wote tumefungwa.

Mwanza, begi likafika, mlenda salama, mkasi salama.
Kiti kikaja cha mwisho, kimelala ubavu,
kikanyagio cha kushoto kimeng'oka.
Nikapewa fomu na kalamu inayokoroma.
Jina. Namba ya ndege. Aina ya mzigo.
Yeriko, anayesoma kila kitu kwa sauti, alikuwa begani kwangu.
Nikaandika: *Miguu.*
Chini yake: *Thamani kwa shilingi.*
Kalamu ikasimama.

"Mama," karani akasema, "hapo huwa hapaachwi wazi."